Suruali ya Karani wa Mizani

Mwaka uliofuata Azimio la Arusha, Kokuberwa wa Kishanda alikuwa akimenya ndizi huku akipiga hesabu za kilo kichwani. Alitaka ukarani wa mizani ya kahawa katika chama cha ushirika. Kwenye mtihani wa kazi hiyo alikuwa wa kwanza. Lakini tangazo lilisema: "Karani avae suruali."

"Basi nitavaa yako," alimwambia mumewe, Ildefons.

"Ile ya kanisani? Ninayo hiyo moja tu."

"Nitairudisha nzima."

Asubuhi akaenda, suruali kiunoni, kanga begani. Ofisini alimkuta meneja, Bwana Ishengoma, amekaa na Josia, katibu wa kamati ya wafanyakazi. Sasa, kwetu mwanamke humsalimu mkubwa kwa kupiga magoti. Kokuberwa alisahau amevaa nini. Akapiga magoti.

Suruali ilipasuka nyuma. Naapa, wavuvi wa kisiwa cha Goziba, kule ziwani, walisikia mlio, wakadhani tanga la mashua limechanika.

Kokuberwa akajifunga kanga upesi. "Shikamoo, waitu," akamalizia kwa neno letu la heshima.

"Marahaba. Lakini sasa huna suruali," alisema meneja. "Kazi nampa Saburi, aliyekuwa wa tisa."

"Kwani Saburi anasoma mizani kwa suruali?" Josia aliuliza.

"Utaratibu ni utaratibu."

"Waitu, sharti la mavazi tuliulize kwanza: linasaidia kazi gani?" alisema Josia.

Meneja alifikiri. "Kanga inaweza kunaswa na mkanda wa mashine ya kukoboa kahawa, pale kando ya mizani."

"Hiyo ni sababu ya kweli. Basi mpe koti la kazi, alifunge vizuri. Lakini hata kanzu yako hiyo itanaswa."

Meneja aliitazama kanzu yake. Ilikuwa inafagia sakafu.

"Mimi ni meneja."

"Mashine haijui," alisema Kokuberwa.

Josia akamgeukia. "Sharti linalomfungia mwanamke mlango, na kazi halisaidii, ni ubaguzi. Ukinyimwa kazi hivyo, usiende kulia nyumbani. Njoo kwenye kamati."

Kamati ilikaa siku ileile. Tangazo likaandikwa upya: "Karani ajue kusoma mizani. Wote watavaa makoti ya kazi." Kokuberwa akapata kazi yake. Msimu ule kilo zilisomwa sawasawa, wakulima wakaacha kugombana kwenye mizani. Meneja naye alivaa koti, tukaiona miguu yake kwa mara ya kwanza.

Suruali ilishonwa kwa uzi wa gunia. Jumapili, padri alipowaambia waumini wapige magoti, Ildefons alibaki amesimama peke yake kama mgomba.