Mota ya Polepole

Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mlinzi wa klabu ya magari ya rimoti alifungua kabati la vifaa akakuta nafasi tupu kwenye rafu ya pili, palipokuwa na mota mpya ya gari. Kufuli lilikuwa zima. Funguo zilikuwa mbili tu, mmoja wake na mwingine wa mwenyekiti. Mwenyekiti, daktari wa meno asiyejua kusubiri, alimpa mlinzi hadi Alhamisi saa kumi jioni: arudishe mota, la sivyo kikao kimfukuze kazi.

Sajenti alifika Alhamisi yenyewe, saa tatu na nusu, maana kituoni hakuna anayekimbizana na midoli. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na nne, magoti yanamuuma, na wiki nzima hakuwa amelala vya kutosha. Aliketi kwenye benchi bila kukaribishwa.

"Nieleze kama mtu asiyejua kitu," alimwambia mwenyekiti. "Maana sijui kitu."

"Gari letu la mashindano lilihitaji mota isiyo na brashi. Tuliagiza mbili tuzijaribu. Hii hapa ni ya kasi, ndiyo ghali. Ile nyingine ni ya polepole. Ina kihisi ndani, inaondoka taratibu bila kushtuka, na haimalizi betri. Tumebishana mwezi mzima tuchague ipi."

"Mwizi akachukua ipi?"

"Ya polepole. Na waya wa kihisi, na kisanduku cha kudhibiti mwendo."

"Akaiacha ya ghali." Sajenti aliandika hilo, akalipigia mstari. "Na hiki nini?"

Kwenye rafu kulikuwa na gia ndogo ya chuma, haizidi kitufe cha shati.

"Gia ya mota iliyoibwa. Ndiyo inayosukuma magurudumu. Aliichomoa akaiacha."

Sajenti aliinuka kwa kuguna, akachungulia bawaba za kabati. Rangi ilikuwa imepasuka kuzunguka vichwa vya skrubu, lakini mifereji yake haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mlango ulikuwa umefunguliwa upande wa bawaba, ukarudishwa na mtu mwenye bisibisi ya saizi kamili na mkono usiotetemeka. Aliandika hilo pia.

Alimkuta mlinzi langoni, amevaa shati tupu.

"Koti la kazi liko wapi, mzee wangu?"

"Mkono ulichanika, afande. Nimelipeleka kushonwa. Siwezi kuingia kikaoni kama kichaa." Mlinzi alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka. "Miaka kumi na moja niko hapa. Nina wajukuu watatu, wote wananitazama mimi. Kwa umri huu nani ataniajiri tena?"

"Jumatatu akina nani walichelewa kutoka?"

"Wawili. Dereva wa lori, yule tunayemwita Moto, alitoka saa kumi na moja na nusu, amenuna. Fundi saa, Lenzi, saa kumi na mbili kasorobo. Mimi nilikuwa nazunguka nje."

Moto alipatikana chini ya lori lake. Alitoka na mafuta usoni na hasira tayari mdomoni.

"Nilipiga meza, ndiyo! Nilitaka ya kasi. Sasa mimi nikaibe konokono, niache ile niliyoililia mwezi mzima? Afande, nitazame vizuri!"

Sajenti alimtazama vizuri. Bisibisi aliyoishika ilikuwa imeliwa ncha, na skrubu za taa ya lori lake zilikuwa zimechimbwa zikawa mashimo.

"Endelea na kazi, mwanangu," alisema.

Saa sita kamili alikuwa kwenye kibanda cha Lenzi. Fundi alikuwa mzee mwembamba, lenzi yake ikining'inia shingoni. Sajenti alimuuliza ni mota ipi aliyoitaka yeye, na mzee akasahau kuogopa.

"Ya polepole! Isiyo na kihisi hupata kigugumizi inapoanza, inaruka. Yenye kihisi inajua ilipo hata ikiwa imesimama. Unaigusa kidogo, inasogea kidogo. Na betri inakaa kutwa."

"Gari linaweza kwenda bila ile gia ndogo?"

Lenzi alianza kufuta saa ambayo haikuwa na vumbi. "Haliwezi."

"Basi aliyeichukua mota hakuitaka kwa gari." Sajenti aliyatazama magoti ya suruali ya mzee. Vipande vya uzi wa buluu vilikuwa vimenasa. "Shemeji anashona?"

"Alikuwa anashona. Miguu ilikataa mwaka jana."

"Twende nikamsalimie."

Nyumba ilikuwa mtaa wa pili. Kabla hawajafika mlangoni waliisikia cherehani. Haikupiga kelele. Ilianza kidogokidogo, ikakolea, ikasimama. Sajenti alitamani angekuwa amekosea. Alikuwa amechoka kuwa sahihi.

Mke wa Lenzi aliketi na blanketi miguuni, kidole juu ya kitufe. Chini ya meza, mota ndogo nyeusi ilivuta mkanda wa cherehani.

"Karibu, dada! Huyu mume wangu amenitengenezea maajabu. Mota za kwanza alizonifungia zilikuwa zinaruka, sindano zikikatika kila siku, na umeme wetu mwenyewe unaujua, hukatika hovyo. Hii ya betri tangu Jumanne haijanikatia sindano hata moja."

"Hongera, dada. Na koti hilo la buluu la nani?"

"La mlinzi wa klabu. Maskini, wamemsingizia wizi. Leo saa kumi wanamkalisha. Nimesema angalau aende nadhifu."

Lenzi aliegemea ukuta.

"Ni mimi," alisema mzee, akimgeukia mkewe. "Mota ni ya klabu. Nilifungua bawaba Jumatatu. Nilijua mwisho watachagua ya kasi, hii ikae kabatini bure, na wewe umekaa hapa mwaka mzima unatazama ukuta. Nilidhani watasema imepotea."

"Na walipomshuku mlinzi?" aliuliza Sajenti, na sasa hasira ilisikika. "Siku mbili, mzee. Koti lake liko ndani ya nyumba yako."

"Nilikuwa nikiisikia cherehani, nikashindwa kusema."

Mke wake aliondoa kidole kwenye kitufe. Machozi yalimtoka bila sauti. Mkono wa koti ulikuwa umebaki kama shibiri moja kumalizika. Akalishika gurudumu la cherehani kwa kiganja, akalizungusha mwenyewe, mshono kwa mshono, hadi mwisho. Akakata uzi kwa meno.

"Fungua mota yako," alimwambia mumewe. "Na koti mpelekee wewe, kwa mkono wako. Hata kwa miguu hii iliyokataa, mimi ningekwenda."

Saa kumi kasoro dakika tano, Lenzi aliweka mota mezani mbele ya kikao na kusema maneno yake yote. Mwenyekiti alipaza sauti, Moto akainamisha kichwa. Sajenti, karibu na mlango, alikuwa akijaza fomu, goti moja limenyooshwa.

Mlinzi alilipokea koti mkononi mwa Lenzi. Alilivaa, akafunga vifungo vyote, akaunyoosha mkono wa kulia na kuupapasa ule mshono.

"Mwambie shemeji," alisema, "umekaa sawa."