Namba 212 kwa Uzi wa Bluu

Shati lilikuwa limelowa chapachapa, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu shule ifunguliwe.

Fundi alilitoa kwenye rundo la nguo za kushonwa, akalinusa. Lilinuka kutu na maji yaliyolala. Kisha akaona mfuko, akakaa chini. Namba 212 ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa bluu. Mwaka huu namba zote alizishona yeye mwenyewe kwa uzi mwekundu. Wa bluu alikuwa hajaugusa kwa miaka kumi na tisa. Na shati lilikuwa la mjukuu wake, kidato cha kwanza.

Katika shule ile ya wavulana, ya mapadre, namba ilikuwa haifi. Kijana akimaliza masomo, fundi anaifumua, mgeni anaipokea pamoja na kitanda na sahani yake. Ni 212 tu iliyoachwa bila mtu, hadi karani mpya alipoiona iko wazi akampa mjukuu wa fundi. Angejuaje, maskini?

Siku ile ile mjukuu mwenyewe alilowa visigino tu. Ilikuwa saa ya kimya, baada ya chakula cha mchana, wanafunzi wote wamelala na jua linawaka. Mlezi wa bweni alimkuta amekaa juu ya tangi la zamani la ardhini, lile lililozibwa kwa saruji, macho wazi, haitiki, viatu vinachuruzika maji. Siku ya pili yalifika magotini. Siku ya tatu, kiunoni. Wapishi wakanong'onezana kwamba tangi lina jini, wakaacha kupita upande ule.

"Babu," kijana alimwambia fundi kwa sauti ya chini, "kuna mtu ananiambia nimpishe. Anasema kitanda ni chake."

"Usimjibu."

"Nisipomjibu, maji yanapanda."

Siku ya nne yalifika kifuani, na fundi hakuweza tena kujidanganya, kwa maana aliikumbuka vizuri Jumatatu ile, miaka kumi na tisa iliyopita, ambayo mwalimu wa nidhamu, padre kijana, aliingia chumba cha cherehani bila hodi akamwamuru afumue 212 kwenye mashati ya akiba, naye akafumua bila swali, akijiambia kwamba mdomo huponza kichwa, kisha Alhamisi ndipo shule ikatangaziwa kuwa 212 ametoroka, na mama yake akaja kusimama getini, akarudi mwaka uliofuata, na uliofuata, na kila mara fundi alimpita akitazama viatu vyake mwenyewe. Walijua siku tatu kabla. Na yeye alijua kwamba walijua.

Hasira ilimpanda. Padre kijana wa siku zile ndiye Padre Mkuu wa leo. Fundi akamfuata ofisini, akamkuta anasahihisha hotuba ya kesho, historia ya shule kwa Jubilei ya miaka hamsini.

"Fungua lile tangi, Padre."

"Nimeshalinyunyizia maji ya baraka."

"Maji anayo ya kutosha yule."

Padre aliinuka, akafunga mlango. "Ilikuwa adhabu ya nusu saa tu, fundi," alisema polepole. "Tangi lilikuwa kavu nilipomfungia ndani. Nikaitwa mjini. Sikujua mvua ingenyesha."

"Na saruji? Nayo ilinyesha?"

Padre alirudi kwenye karatasi zake. "Jubilei ipite kwanza. Askofu anakuja."

"Kesho maji yatamfika mjukuu wangu puani."

"Tumwombee. Kanzu yangu ya kesho umeimaliza?"

"Bado kidogo," fundi alisema.

Alirudi kwenye cherehani yake. Alifumua 212 kwenye shati la mjukuu, uzi baada ya uzi, asibakize hata mmoja. Kisha akafukua droo ya chini, akatoa uzi wa bluu wa zamani, akavuta kanzu nyeupe ya Jubilei, akaigeuza ndani nje. Namba haifi, hupokelewa. Aliishona upande wa moyo, kwa mishono midogo ambayo mwenye nguo hataihisi.

Kesho yake, saa ya kimya iliikuta shule nzima bado ukumbini. Mjukuu alikaa na wenzake, mkavu. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa mama yule wa getini, amekuja kama kila mwaka, na leo geti lilikuwa wazi kwa wageni.

"Katika miaka hamsini," Padre Mkuu alisoma, "shule hii haijapoteza hata mwana mmoja..."

Pindo la kanzu likalowa maji. Akasita, akatazama chini, akaendelea kusoma, na maji yakapanda magotini, yakapita kiuno, yakafika kifuani hadi tarakimu tatu za bluu zikaonekana kupitia kitambaa cheupe, na ukumbi ukanuka kutu, na Askofu akasogeza kiti chake, na Padre akamtafuta fundi kwa macho. Fundi alikuwa amekunja mikono.

"Sema alipo," fundi alimwambia kutoka pale alipokaa.

Padre alifumbua kinywa. Yakatoka maji.

Watu walipokuwa wakikimbilia jukwaani, fundi alikwenda nyuma, na kwa mara ya kwanza akamtazama mama yule usoni.

"Mama, mwanao hakutoroka. Namba yake niliifumua mimi, kwa mikono hii, nikanyamaza. Twende nikuonyeshe alipo. Walimzibia ndani ya tangi kwa saruji."

Mama hakulia. Alijifunga kitenge chake vizuri kiunoni, akasimama.

"Nyundo unayo?" aliuliza.