Beta ya Baba Enesi

Jirani zangu, vuteni stuli. Anayemenya maharage aendelee kumenya, masikio hayahitaji mikono. Nawaletea habari ya nyumba moja ya hapa hapa kijijini Mpemba, nje ya Tunduma, ile yenye ukuta wa bluu ukishapita maegesho ya malori. Wengine mtasema nasengenya. Semeni tu. Lakini yaliyompata Yonasi yanaweza kumpata yeyote mwenye simu mfukoni na kidole chepesi.

Jumamosi ile uwanja wa Yonasi ulikuwa umejaa, kama kawaida yake. Mkewe Nesta alikuwa anapepeta mchele, wanakwaya wenzake wamekaa kwenye mkeka wanabishana nani anaharibu sauti ya pili, mahindi yanachomwa pembeni. Enesi, mtoto wao wa pekee, mwanafunzi wa darasa la pili, alikuwa anaruka kamba. Barabarani foleni ya malori ya kwenda Zambia imelala, haina haraka. Ukipita ungesema nyumba ile haina shida.

Lakini Yonasi alikuwa ameegemea mlango, hali mahindi, hasikilizi ubishi. Kila Enesi aliporuka, moyo wa baba yake uliruka naye, na haukutua mpaka miguu ile midogo iguse chini. Enesi alikuwa na kifafa.

Dawa za mwanzo hazikumshika. Daktari bingwa wa Mbeya, ambaye kumpata ni kwa kupangiwa siku, alikuwa amewaambia, "Mkirudi nileteeni video. Nataka kuona kinavyoanza, siyo kinavyoisha. Mwanzo ndio utakaoniambia dawa gani inamfaa."

Sasa niambieni, nani anajua mtoto ataanguka lini, ili awe tayari ameshika simu? Nesta alijitahidi, akapata za katikati na za mwisho. Ile ya mwanzo aliipata kwa bahati tu: alikuwa anamrekodi Enesi akiimba wimbo wa Pasaka, na katikati ya ubeti mtoto akanyamaza, kikaanza mbele ya kamera. Video moja. Nesta hakuwa na moyo wa kuitazama tena, lakini aliilinda kuliko kitambulisho chake.

Dada yake aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, kule Nakonde, alimwambia amtumie WhatsApp ili na yeye awe nayo.

"Thubutu!" Nesta alijibu. "Leo nikutumie wewe, kesho iko kwenye grupu la kwaya, keshokutwa Tunduma nzima inasema mtoto wa Nesta ana mapepo. Video ya mwanangu haitoki kwenye simu hii."

Mnamlaumu? Mimi simlaumu. Midomo yetu tunaijua wenyewe.

Basi siku hiyo akaingia Rabson, yule muuza kava na chaja wa kule karibu na mpaka. Alikuja kwa nia njema kabisa, na hapo ndipo amani ya uwanja ule ilipopatia ufa.

"Mulishani, bosi!" alisalimia kwa Kibemba.

"Bwino, karibu. Kaa ule hindi."

"Simu ya shemeji bado inakwamakwama?"

"Inatutia aibu," Yonasi alisema kwa sauti ya chini. "Video inacheza, inaganda, inacheza. Karibu tunakwenda kwa daktari. Ataona nini?"

"Weka mfumo mpya, bwana. Mimi nimeweka kwenye yangu, inateleza. Unajiandikisha mtandaoni, unapewa kabla ya watu wote. Unaitwa beta."

Yonasi akacheka kwa raha. Kazi yake ni kuwafuatilia madereva karatasi za mizigo, na Kiingereza chake amekiokota kwenye madirisha ya malori. Alijivunia sana. "Beta! Kila siku madereva wananiambia beta road, beta price. Beta ni bora zaidi, nani hajui?"

"Wewe ndiye mwenye Kiingereza," Rabson alisema, akachukua hindi lake akaondoka.

Ndugu zangu, msimwone mjinga. Ukilitamka "better" la Kiingereza kama tunavyolitamka hapa mpakani, linatoka beta hiyo hiyo. Na aliyoyafanya aliyafanya kwa kumpenda mtoto. Wageni walipotawanyika na Nesta akaingia jikoni, Yonasi akaichukua simu ya mkewe. Simu yenyewe ilimwonya. Iliandika maneno marefu, kwamba toleo hili lina hitilafu, kwamba aweke kwanza nakala ya vitu vyake mahali pengine. Yonasi aliyasoma kama tunavyoyasoma sisi sote: alishuka moja kwa moja mpaka chini, akabonyeza "Kubali".

Simu ikafanya kazi yake. Ikazima. Ikawaka, ikaonyesha nembo, ikazima. Ikawaka, nembo, ikazima. Yonasi akaishika kwa mikono miwili kama anashika kifaranga kinachokufa.

"Baba Enesi, simu yangu iko wapi?" Nesta aliita kutoka jikoni.

"Iko kwenye chaji, mama."

"Inaingia?"

"Inaingia."

Kesho yake asubuhi, badala ya kwenda ibadani, alimsubiri fundi Osea afungue kibanda chake.

"Nani alikutuma uweke beta?" Osea aliuliza.

"Si ndiyo bora zaidi?"

Osea akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Kisha akauona uso wa mwenzake, akaacha kucheka. "Kaka, beta maana yake toleo la majaribio. Halijaiva. Wanalitoa ili watu walionje, waseme wapi lina kasoro. Unaliweka kwenye simu isiyo na kitu. Hii ina nini?"

"Ina mtoto wangu."

Osea akahangaika nayo kwa nyaya na kompyuta. Mwishowe akaiweka mezani. "Nikiirudisha kwenye mfumo wa zamani, inafutika yote. Google mlikuwa mnahifadhi?"

"Tulizima. Ilikuwa inamaliza bando."

"Memori kadi?"

Yonasi akatikisa kichwa.

"Basi kuna jamaa Mbeya wana vifaa kuliko mimi. Iache hivi hivi, wapelekee wajaribu. Siahidi kitu. Lakini lazima umwambie shemeji, maana itakaa huko."

Hapa, jirani zangu, acheni kumenya kidogo. Njia ilikuwepo. Nyembamba, lakini ilikuwepo. Yonasi alimfikiria Nesta akitoka kanisani na kuulizia simu yake. Akafikiria atakavyomtazama. Woga wa macho ya mke ukamzidi woga wa kitu chenyewe.

"Irudishe ya zamani," alisema.

"Mimi sibonyezi," Osea akajibu, akamsogezea. "Bonyeza mwenyewe."

Akabonyeza.

Simu ikarudi nyumbani nyepesi, safi, kama imetoka dukani. Majina yalikuwa kwenye laini, WhatsApp iliwekwa upya. Nesta alilalamikia meseji za kwaya zilizopotea. Yonasi akasema fundi ameisafisha ili isikwame, na Nesta, masikini, akamshukuru.

Katika siku hizo za kusubiri safari, Enesi alianguka mlangoni pa jikoni. Yonasi alikuwepo. Aliuona mkono ukianza kucheza, akairukia simu.

"Acha simu!" Nesta alipiga kelele. "Zipo za kutosha! Njoo tumlaze ubavu!"

Akaiacha. Neno moja tu lilitosha: hazipo. Lilifika mpaka kwenye ulimi likageuka. Akapiga magoti, akamshika mwanawe kichwa, na mwanzo wa pili ukapita hivyo, mbele ya macho yake.

Wakaenda Mbeya. Njia nzima simu ilikaa mfukoni mwa Yonasi, "tusimalize chaji." Kwenye benchi la kusubiri, Nesta akanyoosha mkono. "Lete niitafute kabisa, tusimpotezee daktari muda."

Akafungua picha. Akashuka, akapanda. Akafunga, akafungua tena.

"Baba Enesi," alisema taratibu, "hii simu ni ya nani?"

"Ni yako. Niliiboresha." Halafu yakamtoka yote kwa pumzi moja, Rabson, beta, Osea, kile kidole, huku watu wa benchi wakijifanya hawasikii. Nesta hakupiga kelele. Alimvuta Enesi mapajani pake, akamfunika masikio.

Daktari hakumkemea mtu. "Elezeni kwa mdomo," alisema. Mmoja alisema mkono wa kulia, mwingine wa kushoto. Mmoja alisema macho yalitangulia, mwingine akakataa. Daktari akaweka kalamu chini. "Dawa ninayoifikiria, kama kifafa chake siyo cha aina hiyo, itamzidishia. Siwezi kubahatisha kwenye ubongo wa mtoto. Rudini nyumbani, rekodini mwanzo, mniletee."

Tangu hapo nyumba ile ikafunga mlango. Sisi tuliozoea kula mahindi pale tulisimama nje ya ukuta tukijiuliza tumekosa nini. Ndani walikuwa wanasubiri. Mmoja akipika, mwingine anamfuata Enesi na simu mkononi: bombani, chooni, kitandani. Nesta akaacha kuongea na mumewe, kila kitu kikapitia kwa mtoto. "Mwambie baba yako chakula kipo." "Mwambie baba yako zamu yake."

Siku moja tu alisema naye ana kwa ana. "Nimeomba miaka yote asianguke. Sasa kila nikiinama kuomba nakuta nasubiri aanguke. Mungu anielewe vipi, Yonasi? Niambie." Hakuwahi kumwita kwa jina tangu mtoto azaliwe.

Ikatokea mchana, Nesta akiwa sokoni. Enesi alikuwa anajaza ndoo bombani, anaimba. Akanyamaza ghafla. Yonasi akawasha kamera. Kila kiungo chake kilimwambia itupe, mdake mtoto. Hakuitupa. Enesi akaenda chini, kidevu kikagonga saruji, damu ikatoka. Yonasi akapiga magoti, mkono mmoja ukimgeuza ubavu, mwingine ukiwa bado umeinua simu, huku analia kwa sauti kama mtoto. Video ile imejaa anga na ndoo na kutetemeka. Lakini ndani yake kunaonekana wazi: kidole gumba cha kushoto, kisha mkono wa kushoto, kisha uso.

Kilipoisha, akaituma pale pale kwa dada yake Nesta kule Nakonde, isije ikapotea tena, kabla hata ya kumfuta mtoto damu. Kisha akambeba.

Enesi akafumbua macho. Alimtazama baba yake, akaitazama simu. Watoto wanajua kila kitu tunachodhani tumewaficha.

"Baba," aliuliza, "leo nimeanguka vizuri?"

Mafunzo

Daktari aliiona video, akabadilisha dawa, na sasa Enesi hutimiza miezi bila kuanguka. Namshukuru Mungu. Lakini kovu lipo kidevuni, na swali lile lipo masikioni mwa Yonasi, wala hakuna fundi wa kulifuta.

Wapendwa, toleo la majaribio ni la simu isiyo na kitu. Kama simu yako ina picha za marehemu, vyeti au sauti ya mtu unayempenda, usiwe mwonjaji wa chakula ambacho mpishi mwenyewe hajakiamini. Na hata usipoonja chochote, simu huibiwa, hudondoka chooni, hufa bila kuaga. Kitu kilichopo mahali pamoja tu hesabu kwamba hakipo. Weka nakala kwenye memori kadi, weka kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini, ruhusu hilo bando liliwe. Unaogopa midomo ya watu? Chagua mmoja mwenye kifua, yupo. Na sisi wengine tuwe na vifua, ili mama asilazimike kumficha mtoto mgonjwa kwenye simu moja.

La mwisho ni letu akina baba, na dada zangu msicheke. Ukiharibu, sema siku hiyo hiyo. Beta ilimharibia Yonasi simu. Kilichomwangusha Enesi pale bombani, mbele ya kamera, ni siku zote zile baba yake alizonyamaza.