Dole Gumba la Kitanda cha Saba

Jua lilikuwa linazama Daktari Tai alipoingia gerezani, faili kwapani. Jina hilo alipewa na wafungwa, kwa sababu tai yake ya shingoni hakuivua hata kwenye joto la zahanati yao. Kesho wakaguzi wangekuja, na fomu moja ya ridhaa haikuwa na alama ya dole gumba. Bila alama hiyo, utafiti wake wa miaka mitatu ungefungwa.

Ilikuwa fomu ya mfungwa wa kitanda cha saba. Alikufa asubuhi ile kwa dawa ya majaribio ambayo hakuna aliyemuuliza kama anaitaka.

Wafungwa wenzake waliweka dole ili wapewe kipande cha sabuni. Ndiyo hiari ya msomi wetu hiyo: mtu kafungiwa mlango kwa nje, halafu unamuuliza kama angependa kubaki.

"Mwache marehemu apumzike, daktari," askari wa zamu alinong'ona.

"Kwani ana kazi gani nyingine?"

Akacheka peke yake. Askari akabaki mlangoni.

Ndani ya zahanati palinuka dawa ya kudekia... na kitu kingine, kama chuma kilicholowa. Daktari akafunua shuka. Ngumi ya marehemu ilikuwa imefumbwa. Akavuta kidole kwa mikono miwili, akitweta, wino ukamchafua mpaka kwenye tai. Ngumi haikufunguka.

"Soma kwanza..."

Sauti ilitoka kitandani.

Basi yule bingwa wa vyeti, ambaye hakuwahi kumsomea fomu mfungwa hata mmoja, akasoma. Nimeelezwa madhara yote. Nimekubali kwa hiari yangu. Naweza kujitoa wakati wowote...

Ngumi ikafunguka taratibu. Vidole vya baridi vikashika dole gumba la daktari, vikalikandamiza kwenye karatasi.

Asubuhi wakaguzi walifungua faili.

"Daktari, mbona fomu hii ya ridhaa ina jina lako?"

Alitazama dole gumba lake. Lilikuwa laini, halina mstari hata mmoja.

Tangu hapo, kila jioni saa ya dawa, huja mwenyewe, hufungua tai na kujilaza kitanda cha saba, mkono kaunyoosha. Hakuna anayemchoma sindano. Lakini kukipambazuka, mkononi mwake huwa kuna tundu jipya la sindano.

"Nenda nyumbani, daktari," askari humwambia. "Mlango uko wazi."

Yeye hulia tu, macho yakiwa mlangoni. Na kweli uko wazi. Hawajamfungia hata siku moja.