Maiki Iliyozimwa Kambi Muru

Kitu Oluoch aliogopa kuliko zote ilikuwa kimya. Kwa kibanda cha video pale Kongo, Kawangware, yeye ndiye dija, yule mwenye kushika maiki na kutafsiri filamu za Wachina zikiendelea, na akinyamaza sekunde tano tu, watu wanaanza kupiga benchi.

Hata siku alikutana na Hanan alikuwa anaongea. Soko la Toi, watu wamebanana kwa mitumba, yeye anabishana na muuza viatu kama wakili. Msichana mmoja amejifunga gurbaba, ile leso ya Kinubi, ya maua ya njano, simu yake iko juu ya stendi, akamgeukia.

"Boss, sauti yako imeingia kwa filamu yangu."

"Basi niandike kama staa."

"Nitakukata kama kitunguu."

Mchezo ikaanzia hapo. Miezi mitatu Oluoch akabeba hiyo stendi mpaka Kambi Muru, mtaa wa Wanubi, kwa nyanya yake Hanan, Haboba Fatna, mama mzee wa Kinubi ambaye filamu ilikuwa juu yake, akisuka sinia za ukindu kwa sindano huku akisimulia vile mtaa wote ulikuwa msitu. Jioni ni simu: umefika beb, umekula, mbona unapumua hivyo, umekimbizwa? Lakini walipendana kama wezi. Babake Hanan, Mzee Abdelkarim, landlord wa maneno machache, hakujua kuna Mjaluo wa Gatwekera anaingia kwa mamake, Haboba, na stendi. Hanan alisema siku atajua, yeye atapelekwa Bombo, Uganda, kwa shangazi, na huko msichana akienda anarudi na mume.

Haboba akafariki kabla filamu iishe. Hanan aliimaliza akilia, akaileta Kongo ionyeshwe mara ya kwanza. Dakika ya kwanza, Haboba anasuka tu. Haongei. Mtu akapiga benchi. Jasho ikamtoka Oluoch, na kabla afikirie, maiki iko mdomoni: huyu mnaona ni komando mstaafu, hiyo sindano ndio silaha yake. Watu wakacheka mpaka mwisho. Alipogeuka kumtafuta Hanan, kiti ilikuwa tupu.

Siku tisa simu haishikwi. Ya kumi ikashikwa.

"Haboba yangu ako kaburini, na wewe umemfanya komando."

"Niliogopa, Hanan. Walikuwa wanaboeka."

"Hata hukusikia mwisho. Mwisho nilikuweka wewe."

Oluoch akabana simu kwa sikio.

"Jumamosi saa tisa tunaionyesha Kambi Muru," Hanan akasema. "Spika ni zako, kwa hivyo kuja. Lakini ukiongea juu ya filamu yangu tena, futa hii namba."

Jumamosi hiyo hall ya Kambi Muru ikajaa. Madirisha yamefunikwa na mablanketi, mabati inapiga joto, Hanan ameinama kwa laptop, Oluoch amesimama kando ya spika na maiki ya kukaribisha watu, imezimwa. Filamu imeanza kidogo, mlango ikafunguka. Kanzu nyeupe, kofia, fimbo. Mzee Abdelkarim, mtu aliyekuwa akisema video ni za watu wavivu, alikuwa amesikia mamake ataonekana. Akapewa benchi ya mbele.

Oluoch akatoa simu. Akamwandikia Hanan meseji: mwisho kuna sauti yangu? Jibu ikaja: ndio, na jina langu. Akaandika tena: nifunike? Hiyo haikujibiwa. Hanan alikuwa anaangalia mgongo wa babake tu, mkono kwa shingo.

Ilikuwa rahisi. Nusu dakika ya mdomo, mambo ya komando, na mzee angeenda nyumbani bila kujua kitu. Oluoch akaweka kidole kwa swichi ya maiki.

Kwa ukuta Haboba alikuwa anaimba pole pole akivuta ukindu. Na pale mbele, mzee alikuwa ametoa kofia. Midomo yake ilikuwa inaifuata hiyo wimbo, neno kwa neno.

Oluoch akatoa kidole.

Sauti yake mwenyewe ikajaza hall: "Hanan, dear, zima hiyo kitu. Mvua inakuja, nitangulie na stendi." Kwa filamu, mlango ukasikika ukifungwa. Mzee akanyooka kama msumari. Majirani wa Haboba waliijua hiyo sauti. Vichwa vikageuka kwa spika, na Oluoch akahesabu hatua mpaka mlangoni. Saba.

Lakini filamu haikuwa imeisha. Haboba aliinua macho.

"Huyu Mjaluo wako anaongea kama redio."

"Nimnyamazishe, Haboba?" Hiyo ilikuwa Hanan, nyuma ya simu.

"Wacha. Nimeishi na babako miaka sitini, nimechoka na kimya."

Hall ikapasuka kwa kicheko. Mzee hakucheka. Alikaa mpaka blanketi zikatolewa na mwanga ukaingia, akajifuta macho na kofia, akaja pole pole mpaka mbele ya Oluoch.

"Wewe ndio redio?"

"Ni mimi, mzee."

"Na leo mbona ulikuwa umezimwa?"

"Mama yako alikuwa anaongea."

Mzee akamwangalia sana. Akamwangalia Hanan. "Sijakubali kitu," akasema. "Jumapili kuja nyumbani na wazee wako. Hiyo maiki ibaki kwenu."

Fimbo yake ikasikika ikienda mpaka nje.  Hanan akaja, akatoa maiki mkononi mwa Oluoch, na akabaki ameushika huo mkono hapo mbele ya watu.