Elementi ya Benta

Ilianza Jumamosi tarehe 14 Juni, saa kumi na dakika ishirini jioni, jikoni kwa Becky, mtaani Kimbo, Ruiru: oveni ilinukia simsim, na ndani mlikuwa na keki ya ndizi tu.

Becky alijua simsim ile ni ya nani. Wiki ile oveni yake kuukuu ya umeme ilikuwa imekatika elementi, ule waya wa kuipasha moto, na keki ya ruracio, sherehe ya mahari ya jirani, ilishaahidiwa. Fundi Ndegwa alitafuta Ruiru na Thika nzima. "Madam, hii spea iliisha zamani," alimwambia akicheka. "Labda uing'oe kwa maiti mwenzake."

Oveni nyingine ya aina ile Becky aliijua moja tu: ya rafiki yake Benta, kule Thika, waliyejifunza naye kuoka, na ambaye kila keki yake aliitia simsim. Na Benta alikuwa mochari, akisubiri kusafirishwa Siaya. Kwao Benta, kitu cha marehemu hakitoki nyumbani kabla hajazikwa. Benta mwenyewe ndiye aliyewahi kumweleza. Hata hivyo Becky alienda matanga na bisibisi mkobani. Watu wakiimba sebuleni, yeye alikuwa jikoni amepiga magoti mbele ya oveni, akiing'oa elementi. Calvince, mumewe Benta, alichungulia akadhani analia. "Pole, shem," akanong'ona, akamfungia mlango taratibu ili alie kwa amani.

Sasa kitu kiligonga ndani ya oveni. Ko, ko, ko. Ndivyo Benta alivyozoea kugonga tako la keki kwa kidole, akisikiliza kama imeiva. Becky akachomoa plagi. Elementi haikuzimika, ilizidi kuwa nyekundu, na simsim ikajaa jikoni, ikamjaa kooni, na mlango wa oveni ukafunguka kidogo kidogo bila mkono wa mtu, na katikati ya keki palikuwa na shimo la kidole, likizama polepole huku akilitazama, na pumzi ya moto ikamjia sikioni kwa sauti ile ya upole aliyoizoea:

"Becky, si ungeniomba?"

Asubuhi iliyofuata aliing'oa elementi, akaifunga kwa leso, akaenda Thika. Njia nzima leso ilinuka kuungua. Alikuwa amejiandalia uongo wa kusema.

Calvince alikuwa nje kwenye hema, na wazee wa kwao. "Shem, umerudi tena? Wewe ni mtu wa maana kweli."

Becky akapiga magoti, safari hii mbele ya watu, akafungua leso.

"Siku ile," akasema, "sikuwa nalia."