Jina la Wanzala

Tyubu ya maji matupu ilikuwa imeanza kupanda.

Sella aliuona mstari wake kwenye skrini, akadhani macho yanamdanganya. Katika ile maabara ndogo ya Kawangware, kazi yake ilikuwa kusaga vipande vya ubongo wa watu waliouawa na kifafa, kutoa ndani yake ujumbe wa jeni, na kuutia kwenye mashine ya PCR. Mashine hupasha moto na kupoza, na kila mzunguko huuzidisha ule ujumbe mara mbili, mpaka kisichoonekana kionekane. Jeni iliyofanya kazi sana hupandisha mstari wa tyubu yake mapema, iliyolala huchelewa. Tyubu moja hutiwa maji tu. Mstari wake ukipanda, ujue kuna kitu kimeingia kisichohitajika.

"Umechafua maji," alisema Kavoi, mwenzake wa meza moja, Mkamba wa Machakos asiyechoka kumtania.

"Nimefungua chupa mpya sasa hivi, Kavoi."

"Basi ni mkono wa Mluhya umeingia humo ukitafuta kuku."

Sella hakuucheka utani ule wa Waluhya kupenda kuku. Kipande kimojawapo kilikuwa cha Wanzala, mumewe. Alikuwa amekubali kitolewe kabla maiti haijasafirishwa Bungoma, kwa sababu binti yao Valentine naye alikuwa ameanza kuanguka, na dawa zote zilikuwa zimeshindwa. Madaktari wa utafiti walimwambia kwamba wakiijua jeni iliyoharibika kwa baba, huenda wakajua la kumfanyia mtoto. Hakuwa na tumaini lingine.

Wakarudia kupima. Maji yakapanda tena, safari hii mbele ya tyubu zote, kisha mashine ikaanza kulia. Haukuwa ule mlio wake wa kila siku. Huu ulipanda na kushuka ukikata pumzi, kama kichanga chenye njaa. Kavoi akaizima, ikaendelea kulia. Akachomoa waya ukutani. Bado ililia.

Hapo ndipo Sella alipokosea, na kosa lenyewe alilitoa kwao Bungoma. Huko, kichanga kikikataa kunyamaza, akina nyanya hukitajia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, na jina litakalokinyamazisha ndilo lake. Nusu kwa mzaha, nusu kwa woga, aliweka kiganja juu ya mashine.

"Khaemba," akanong'ona. Ikalia. "Nekoye." Ikalia. "Wanzala."

Ikanyamaza.

Uso wa Kavoi ulikuwa umebadilika. "Kwenu mtoto akinyamaza hivyo, inakuwaje?"

"Jina linakuwa lake," Sella akasema, akiondoa kiganja kwenye mashine.

Siku hiyo Valentine hakuanguka. Hakuanguka kesho yake wala wiki nzima iliyofuata, na Sella akapiga magoti katika chumba chao cha mabati mtaani Laini Saba akamshukuru Mungu kwa machozi. Furaha haikudumu. Nywele za mtoto zilianza kunuka dawa kali waliyotumia maabarani kusagia ubongo, na hata zikioshwa kwa sabuni zilinuka vilevile. Kisha, mchana kweupe, jirani wakifua na redio zikipiga kelele, kukaanza kusikika pumzi nyuma ya pazia lililotenga kitanda, pumzi nzito ya mwanamume aliyelala, na Sella alipolivuta pazia hakukuwa na mtu, na alipolirudisha pumzi ilianza upya, lakini sasa zilikuwa pumzi mbili, zikipishana.

"Baba amerudi," Valentine alimwambia kwa sauti ya chini. "Jana walikuwa wawili. Leo wako wanne."

Kavoi alimleta shangazi yake Ndululu, mama wa maombi aliyeuza maji mtaani Mashimoni na kuwatoa watu mapepo. Ndululu aliingia, akanusa, akakataa kiti.

"Huyu si bwanako," alisema. "Ni kitu kilikuwa kinazurura tu bila jina. Wewe ukakipatia. Sasa pahali Wanzala alikuwa na haki ya kuingia, nacho kinaingia."

"Lakini mtoto amepona, mama."

"Hajapona. Kimemkalia. Wakiendelea kuongezeka humo ndani, yeye atakosa nafasi."

Sella akalia. Ndululu alifunga mlango kwa komeo. "Nitakivua hilo jina. Kikishavuliwa kitatafuta lingine haraka sana. Wewe utakiambia si Wanzala, lakini jina lingine la mtu usitaje mpaka nifungue huu mlango. Hata langu. Umenisikia?"

Akaomba kwa Kikamba, na Sella, kama alivyoagizwa, akaliambia pazia, "Wewe si Wanzala," huku pumzi zikiongezeka, nne, nane, kisha nyingi mno kuhesabika, na mabati yakitetemeka juu bila upepo, na ile harufu ya dawa ikijaa chumba kizima, naye akasema tena, "Wewe si Wanzala, Wanzala tulimzika," na hapo kila kitu kikakatika.

Kimya. Harufu ikatoweka. Ndululu akanyoosha mkono kwenye komeo.

Valentine akaanguka.

Kifafa kilikuwa kimerudi kwa ukali ambao Sella hakuwahi kuuona. Akampakata. Macho ya mtoto yaligeuka, midomo ikawa myeusi, kifua kikasimama. Ndululu alitikisa kichwa kwa nguvu, kidole mdomoni. Sella aliuma midomo yake mpaka ikatoa damu. Lakini mtoto hakuwa akipumua, na ni mama gani angenyamaza?

"Valentine!"

Ndululu akafumba macho.

"Mama," mtoto akaitika kifuani pake.

"Mama," sauti ileile ikaitika nyuma ya pazia. Kisha mbili chini ya kitanda. Kisha nne ukutani.

"Shika mwenye ni wako tutoke," Ndululu alinong'ona. "Haraka."

"Mama, ni mimi! Mama, usiniache!" zililia zile sauti kila upande, zikisongwa na machozi, na kila moja Sella aliijua kuwa ya mwanawe. Akamtazama aliyekuwa mikononi mwake. Huyo peke yake hakuwa akilia.